Kabla ya Lakini

Tangu ugonjwa utufungie kambini, koplo wa zahanati hutupima huzuni, wasiwasi na msongo wa mawazo kila Jumatatu. Fomu ni ya siri, anasema, haitaki jina. Taja namba yako ya jeshi tu. Hukaa wima nyuma ya meza, barakoa yake ameipiga pasi mpaka ina mkunjo kama suruali ya gwaride, na maswali yote ishirini na moja ameyageuza salamu ili foleni iende haraka. "Habari ya usingizi?" "Nzuri, afande." Sifuri. "Habari ya moyo?" "Nzuri, afande." Sifuri. Anazichora vizuri sifuri zake, mviringo kama yai. Kila mtu anajua kwamba "nzuri" ni hodi tu, habari yenyewe huja baada ya "lakini". Ila kalamu ya koplo haijawahi kuingoja. Dereva wetu, aliyetazama mazishi ya mama yake kwenye simu, alijaribu. "Nzuri, afande, lakini..." "Nimekuuliza lakini?"

Wiki iliyopita alikuja daktari kutoka makao makuu. Akaisifu kambi isiyo na huzuni, kisha akachukua fomu moja iliyobaki. "Na wewe, koplo, habari ya usingizi?" "Nzuri, daktari." Koplo akavuta pumzi mpaka barakoa ikamnata midomoni. "Lakini," akaanza. Daktari alikuwa ameshaandika sifuri, tena ya harakaharaka, imepinda.