Mkeka wa Barazani

Mume wangu alikuwa na misimu miwili, na hakuna hata mmoja uliofuata mvua. Katika msimu wa juu hapati usingizi, haketi, na maneno yanamtoka mpaka mbuzi wa jirani wanapewa salamu zao. Katika msimu wa chini anageukia ukutani juu ya kitanda cha kamba, haogi, hasemi, na ukimuuliza kama atakula anakutazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyoijua. Katikati ya misimu hiyo alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Aliosha sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini, katika ua wa Mhindi mmoja hapa Bagamoyo, na vipindi vya sala vikiingia aliadhini kwenye msikiti mdogo ulioelekeana na baraza yetu.

Watu walisema ana pepo. Mama mkwe akaleta mganga, ngoma ikapigwa, pepo akataka kitambaa chekundu na jogoo. Akapewa. Akala, akashiba, akabaki. Tangu hapo nikaacha kumgharamia mgeni asiyeaga, nikaanza kumtazama mume wangu mwenyewe.

Nikajifunza. Kabla ya maneno mengi, usingizi unamtoka. Na kabla ya usingizi kumtoka, anaipenda kahawa kupita kiasi. Kahawa nikaipiga marufuku. Nikiona macho yanang'aa nilimpeleka Kiwangwa kwa kaka yangu, akalime muhogo mpaka mwili wenyewe uombe kulala. Msimu wa chini ulipofika nilitandika mkeka barazani kila alasiri, nikamvuta mkono, akaketi karibu yangu nikisuka ukili wa mikeka. Hakusema kitu siku nyingi. Kisha alasiri moja, mtu aliyemshikia nafasi akiadhini kwa sauti yake ya mlango mkavu, nikamwona mume wangu anachezesha midomo, anaifuata adhana. Kila mara alirudi kwetu kwa njia hiyo, midomo kwanza.

Sauti yake sijui niielezeje. Mimi niliyemfulia kanzu na kumsikia akikoroma, mwili ulinisisimka kila alipoadhini. Wanawake waliacha mwiko chunguni. Mabaniani, ambao sala zetu haziwahusu, walitoka kwenye milango ya maduka wakasimama. Wapagazi waliofika kutoka bara, mizigo bado begani, walinyamaza. Na katika msimu wa juu sauti ilipanda ukadhani haitashuka tena, nami nikaogopa, tena nikaogopa kwa furaha. Mungu alimpa mtu mmoja ugonjwa ule na sauti ile, na miaka yote nilitafuta mahali vilipoungana nisipaone.

Ramadhani moja, kabla ya vita vya Wadachi, iliangukia mwisho wa masika. Mara hiyo msimu wa juu ulikuwa umenitangulia. Sikupata muda wa kumpeleka Kiwangwa. Siku hiyo mawingu yalifunga tangu alasiri. Mume wangu akapanda ngazi ya msikiti, akaadhini magharibi, na kwa uzuri wa sauti ile hakuna aliyetazama juu. Mtaa mzima tukafungua. Tende ilikuwa mdomoni mwangu mawingu yalipopasuka, na jua likatutazama, liko juu ya minazi, halina haraka yoyote.

Nikaitema tende kiganjani. Kila mtu alijua kwamba funga ya siku ile imeharibika, na itabidi ailipe. Wanaume wakamjia wamefura. Yeye hakuona aibu. "Nililiona likizama," akasema, na hakuwa anadanganya, jambo ambalo lilinitisha kuliko uongo.

Baada ya Idi akaangukia msimu wa chini, akageukia ukutani. Wazee wa msikiti wakasema adhana watampa mtu mwingine, moja kwa moja. Hapo moyo ukanipasuka. Kama adhana si yake tena, midomo ile ingefuata nini? Nikajitanda, nikaenda kwa mwalimu wa msikiti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta, na jibu ni hapana."

"Sijauliza bado."

"Haya, uliza."

"Mkimnyang'anya adhana mtakuja kumzika. Mwachieni, jua nitamtazamia mimi. Jioni niko barazani na mkeka nimetandika. Likizama kweli nitaukunja, naye ataniona kutoka pale ngazini. Mkeka ukiwa chini, haadhini."

"Msikiti ungoje mkeka wa mwanamke?"

Hasira zikanipanda. "Msikiti mzima wa wanaume haukuinua hata shingo. Hata wewe ulikula, mwalimu."

Nilidhani atanifukuza. Akazungusha tasbihi vidoleni.

"Nilikula," akasema. "Na nikwambie, mwanangu, kwa sauti ile, hata jua ningeliona, ningekula."

Akampa nafasi moja. Akikosea tena, basi.

Nilingoja mpaka mume wangu alipokuwa katikati, mtulivu, ndipo nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na nikikataa?"

"Ukiwa juu utakataa. Ndiyo maana nakuomba leo."

Akaupapasa mkeka kwa kiganja, kama anayeuonea huruma. "Haya," akasema.

Ramadhani iliyofuata, kahawa ikapatikana mahali nisikokujua. Macho yakaanza kung'aa, na jioni ile mawingu yakawa mazito kama ya mwaka uliopita. Akasimama kwenye ngazi, mikono masikioni, kifua kimejaa. Wanaume walikuwa wameketi ndani, tende mkononi. Mimi niliangalia upenyo mwembamba kati ya minazi, ambako jua lilikuwa bado linachungulia.

Akanitazama. Midomo ilikuwa imefunguka tayari. Mtu mmoja ndani akaita, "Vipi, bado?" Alisimama ameizuia sauti ile yote ndani yake, machozi yanamtoka, macho kwenye mkeka wangu. Baadaye niliona manowari za Wadachi zikiupiga mji huu mizinga, na hata hiyo haikuwa kubwa mbele yangu kama mtu yule akingoja.

Jua likaingia. Nikaukunja mkeka. Akaadhini, na mimi nikasahau tende niliyoshika.

Alipotoka kusali nikamwekea uji. Akaketi, akashika kata ya kifuu bila kuiinua.

"Jua lilikuwa limezama zamani," akasema.

"Halikuwa limezama."

"Nililiona kwa macho yangu, wallahi." Akanywa kidogo, akafuta mdomo. "Lakini mkeka ulikuwa chini."