Meno ya Kinu cha Umm Salal

Niliondoka Wamunyu, kijiji chetu cha wachonga vinyago, kwa sababu ya mdomo wa binti yangu. Mwende ni nesi Doha, na alimwambia Mwarabu mmoja mwenye shamba kwamba babake anachonga chochote. Mwarabu huyo alikuwa anajengewa kinu cha upepo cha Kiholanzi, kile cha mabawa manne, na alikosa mchongaji. Kibali kikatoka, nikapanda ndege. Shule niliiacha darasa la tatu, patasi sijaiacha.

Siku ya pili Mwende alinipeleka shambani Umm Salal. Fundi mkuu alikuwa Mholanzi, Henk, mzee mwenzangu, mrefu kama ngazi. Nikapewa kazi ya kuchonga meno ya mbao ya magurudumu mawili yanayoshikana, yale yanayopokea nguvu ya mabawa na kuipeleka kwenye jiwe la kusagia.

Wiki ya tatu Henk alitaka kati ya meno ibaki nafasi ya unene wa kucha. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba kitu kinachochezacheza ni cha fundi mvivu. Yangu yakakaribiana hata unywele usipite. Tukajaribu mchana, jua kali, yakazunguka vizuri. Henk akaniita profesa. Nililipenda jina hilo.

Asubuhi ya kufungua kinu, upepo wa baharini ulikuwa umeleta unyevu, kila kitu kimelowa. Mabawa yakatikisika kidogo, yakagoma. Mbao zilikuwa zimevimba, meno yameng'ang'aniana. Wageni walitarajiwa saa nne.

"Baba," Mwende alisema, "mimi ndiye niliyekusifia hapa."

Nikachukua tupa. Henk akachukua yake. Tulipunguza jino baada ya jino, jasho likitiririka. Saa nne kasoro kidogo, mabawa yakazunguka.

Mwenye shamba alipofika, akauliza mbona meno yana alama mbichi za tupa. Henk akatazama juu kana kwamba hayamhusu.

"Mwambie nilikosea," nikamwambia Mwende. "Huyu alinionya, nikakataa."

"Rudia, Baba. Sijasikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Tangu azaliwe alikuwa akilingoja neno hilo. Nikarudia. Akalitafsiri kwa Kiarabu, na nadhani aliongeza chumvi, maana mwenye shamba alicheka hadi akafuta machozi, kisha akanishika mkono.

Nimesharudi Wamunyu. Wachongaji wenzangu wanauliza nimejifunza nini. Nawajibu nilichomwambia Mwende: kukiri kosa mbele ya watu hakuui, kunawasha tu. Kila Jumapili Mwende hupiga simu kuuliza kama bado kunawasha.