Bega la Kulia

Mimi ni mtu wa hasira, afadhali niseme mapema, na mkono wangu ukishika mkasi haujui kusubiri. Fundi alilijua hilo wiki ya kwanza tu nilipofika kwenye veranda yake pale Kibwezi, nikitoka Mutomo, ambako nilikuwa nimejifunza kushona sare za shule na kujiona nimemaliza ushonaji wote wa dunia. Alinipa koti kuukuu nilitazame. Nikamwambia hilo ni tambara. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanionyesha, mshono kwa mshono, kila mahali ambapo fundi fulani asiyejulikana alikuwa ametumia akili. Tulikaa na lile tambara asubuhi nzima.

Nimeona mafundi wengi tangu hapo, na sijaona mwenye macho kama yale. Ilikuwa miaka ya sabini, na vijana wote walitaka suruali za bugaluu na mashati ya kola ndefu, ya kitambaa cha kung'aa kinachonata mgongoni kwenye jua letu. Fundi alizishona kwa sababu watu walizitaka, lakini uso ameukunja. Roho yake ilikuwa kwenye nguo za wanaume wa kazi: makoti ya watu wa reli, vizibao vya wakata mkonge, kaptura pana walizorudi nazo askari kutoka vitani. Alikuwa akisema nguo ya kazi imeshafanya mtihani na kupita. Siku moja alimsimamisha mzee wa watu katikati ya soko, akamvua kizibao, na mzee akakaa na fulana kwenye benchi letu akinywa chai huku Fundi akichora mfuko wake kwenye karatasi ya mfuko wa simiti. Karatasi hizo ndizo tulizokatia mitindo yote. Vumbi lake lilitupigisha chafya kutwa.

Wala hakuwa mtu wa kuiga tu. Alichukua mfuko huku, kola kule, akavichanganya kichwani, na kilichotoka kilikuwa kipya ingawa ungeapa umewahi kukiona kwa babu yako. Na alikuwa na jambo moja la ajabu: alipima mabega mawili, kila moja peke yake, na kukata kila upande peke yake. Mafundi wenzake walimcheka. Aliwajibu kwamba hajawahi kukutana na binadamu mwenye mabega yanayolingana.

Basi wakaja vijana sita waliokuwa wakilima mboga kando ya mto. Walikuwa wamefufua ngoma ya mbeni, ile waliyocheza babu zetu wakijipanga kama askari, filimbi mdomoni, na walitaka kucheza sikukuu uwanjani pale sokoni. Walitaka mashati ya kung'aa. Fundi akawauliza kama wanataka kucheza mbeni au kuuza soda. Akawaeleza kwamba alipokuwa kijana aliona mbeni ya Jumapili karibu na stesheni, na kiongozi wake alikuwa mtu wa reli aliyecheza na koti lake la kazini, koti zito la buluu iliyokolea, na hakuna mtu uwanjani aliyetazama kitu kingine. Mtu huyo alikuwa amekufa zamani. Lakini mjane wake alikuwa hai, na koti alikuwa nalo.

Tulienda wawili, Fundi na mimi. Mama mwenyewe alikuwa mwembamba, mnyoofu, hana maneno mengi. Koti lilikuwa ndani ya sanduku la bati, limekunjwa na majani ya mwarobaini. Alitueleza kazi ya mumewe: kila asubuhi alitembea juu ya reli kuelekea Makindu, nyundo ya mpini mrefu begani, akigonga na kukaza, na kurudi jioni. Jumapili alilipiga pasi koti lile lile akaenda kucheza. Fundi alilishika kwa mikono miwili na kuomba alichukue siku chache tu, aone lilivyokatwa.

Mama alilishikilia upande wake kwa muda.

"Pimeni, chungulieni," akasema, "lakini msikate hata uzi mmoja. Bega hili nililishona mimi. Likifunguka, nitakuwa sina kitu chake."

Fundi akaahidi. Nami nikaitikia, "Ii, mwaitu," kama ninavyomwambia mama yangu mzazi, na nilimaanisha.

Kitambaa tulikuwa nacho tayari, drili ya buluu ya kutosha makoti sita na isibaki ya kitambaa cha mfukoni. Kisha ukaja ujumbe kwamba shemeji yake Fundi amefariki huko Kyuso. Akaondoka. Aliniachia kazi ya kuchora mtindo kwa kupima kwa nje, basi, na kumngojea.

Siku ya kwanza nilipima bega la kulia mara tatu, nikapata vipimo vitatu. Bega la kushoto lilikaa kama mtoto mtulivu. La kulia lilikuwa nene, gumu, mkono wake umeingia mahali nisipopaelewa. Siku ya pili nikapima tena. Nikaona lile koti linanidharau. Ninawaambia ukweli mtupu: sikufikiria kitu. Nilichukua wembe nikafungua mshono wa bega, na nikiwa nafungua nilijiambia nitaurudisha kwenye matundu yale yale na hakuna atakayejua.

Ndani nilikuta kipande cha blanketi jekundu, kimekunjwa mara nne na kushonwa kwa mkono, kwa mishono midogo midogo iliyofuatana bila kuachana. Nilikitoa, nikalaza kitambaa kwenye karatasi ya simiti, nikachora. Nikarudisha blanketi, nikashona bega kwenye matundu yale yale. Lilikaa vizuri. Nilijisifu, na kwa kiburi hicho, bila kumngoja mwenye kazi, nikakata makoti yote sita.

La kwanza lilipokwisha nililitundika msumarini nikarudi nyuma nilitazame. Bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, upana wa kidole kizima. Nikaligeuza, nikalikung'uta, nikalitundika upya. Likabaki vile vile. Nikakaa sakafuni.

Fundi alirudi siku tatu kabla ya sikukuu. Sikumficha. Alisikiliza huku ameangalia lile koti msumarini, na mimi nilingoja anifukuze, kwa kweli ningejifukuza mwenyewe. Badala yake akalichukua koti la marehemu, akapitisha kidole begani, akafumba macho.

"Halijapinda kwa kuvaliwa," akasema. "Limekatwa hivi. Yule mama alilifungua koti la reli, akalishusha bega nyundo ikae, akalitia blanketi isimuumize. Huyu ndiye fundi. Sisi tunabahatisha."

Kisha akavaa kofia yake na kuniambia twende. Nikamsihi. Nikamwambia matundu ni yale yale, hataona. Akanijibu kwamba neno tulitoa wawili, kwa hiyo tutakwenda wawili, ila mdomo wa kusema utakuwa wangu.

Nilisema. Sijui nilisema nini, ila sikumlaumu mtu mwingine. Mama alichukua koti lake akagusa bega, na sikuwa nimefika mwisho wa maneno yangu alipojua; niliona vidole vyake vikisimama mahali nilipoanzia. Uzi wangu ulikuwa wa cherehani. Wake ulikuwa umepakwa nta, na mimi mpumbavu sikuwa hata nimeugundua. Hakunitukana. Aliingia ndani na koti, na mlango ukafungwa taratibu. Heri angeubamiza.

Vijana nao Fundi aliwaambia wazi kwamba makoti yamepinda, kitambaa kingine hakuna, mwenye kutaka avae, asiyetaka acheze na shati lake. Kiongozi wao alivaa, akajitazama kwenye kioo chetu chenye ufa, akaruka mara mbili. Akasema linamkaa kama ana mzigo, na mbeni ni ya watu wa mizigo. Wote sita wakachukua.

Siku ya sikukuu nilisimama nyuma ya watu nisionekane. Waliingia kwa mstari, kaptura pana, makoti ya buluu, mabega sita ya kulia yote chini. Watu wakacheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Filimbi ikalia, wakaanza. Sasa ninyi mnaoshona mtanielewa: nguo iliyosimama ni kitu kimoja, na nguo inayotembea ni kingine. Walipopiga hatua, bega lile lilitangulia, likavuta mwili wote nyuma yake, na ungeapa kila mmoja amebeba chuma. Kicheko kikazimika. Upande wa wazee, watu wawili watatu waliostaafu reli wakasimama, kofia mkononi. Walilitambua bega lile.

Na mama alikuwa pale. Alisimama peke yake upande wa pili, mikono ameikunja, akiangalia bila kupepesa. Kabla ngoma haijaisha akageuka akaenda zake. Nilirudi kwenye veranda nikashindwa kula, kwa sababu nilijua nimemchukulia mtu kitu chake cha mwisho nikakionyesha soko zima.

Alikuja siku ya tatu, asubuhi, na furushi. Fundi akasimama kumpa kiti. Mama akakaa mbele yangu mimi, akalitoa koti la mumewe, akaniambia nifungue ule mshono wangu. Niliufungua. Akatoa sindano yake na uzi wake wa nta, akalishona bega upya, polepole, pale pale mbele ya wateja. Fundi alichuchumaa karibu akitazama vidole vyake, naye ndiye mtu ambaye wenzake walimjia kuuliza.

Alipomaliza akalikunja. Nilidhani ataondoka. Akatoa tena kwenye furushi blanketi jekundu, kuukuu, limeisha rangi, na pembe moja imekatwa. Nikaitambua ile pembe. Lilikuwa la kitanda chao.

"Mlipata bega lake," akasema. "Nilimwona mara sita. Lakini hamkuweka kitu ndani, na bega tupu litawachubua hao watoto."

Akanyoosha mkono nimpe mkasi. Mimi niliyekuwa na haraka ya kukata kila kitu, sikuweza kuutoa mkono wangu kwenye ule mkasi. Nilianza kulia. Nikamwambia mwaitu, usikate, hilo ndilo limebaki.

Akautoa mkasi vidoleni mwangu bila nguvu, akalitandaza blanketi mezani, na kulikata vipande sita.

"Nitilie uzi," akasema. "Macho yangu yamechoka. Na umwite wa kwanza alete koti."