Mtu Aliyeisoma Leseni Yote

Wasomaji wangu, Alhamisi iliyopita tulimzika fundi wetu wa Kiogoro. Habari ya kifo chake nilipewa sokoni Nyakoe, nikiwa bado nabishania bei ya mkungu wa ndizi: moyo umemsimama akiwa shambani kwake, basi, kwisha. Hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Tulikuwa watu wa kusalimiana na kubishana, na katika ubishi huo alinishinda karibu kila mara. Sikuwahi kumwambia, na sasa linaniuma.

Kazi yake ilikuwa kuunda vikompyuta vidogo vinavyokaa ndani ya mashine. Kule karibu na Ikonge kuna zahanati moja, na ni yeye aliyewaundia skrini ya kuonyesha pumzi za watoto njiti, skrini moja kwa vitanda vitatu. Karibu kila kitu ndani yake ni programu huria: yeyote anaweza kuzichukua mtandaoni, akafuata maagizo aliyoyaandika marehemu, akaunda mfumo mzima upya. Isipokuwa kitu kimoja. Programu inayochora picha kwenye skrini, mafundi huiita draiva, ni mali ya kampuni ya ng'ambo iliyotengeneza chipu. Hiyo huja imefungwa, huoni ndani, na huipati kabla ya kukubali leseni. Mimi na wewe tungebonyeza "nakubali" hata kabla ya kuvuta kiti. Yeye aliisoma yote, kamusi mkononi, siku mbili nzima. Ilisema: nakala moja, mashine moja, usimpe mtu. Kwa hiyo katika maagizo yake, mahali pa draiva aliacha pengo, akaandika kwamba kila mtu akaichukue mwenyewe kwa kampuni.

Muuguzi mkuu wa zahanati, mama asiyependa mchezo, alimwomba nakala ya akiba ya kadi ya kumbukumbu, ile inayobeba programu zote pamoja na draiva. Nilikuwepo.

"Kijana wangu, kadi hii ikiharibika nitafanya nini?"

"Utanipigia, mama. Nitakuja."

"Na usipokuja?"

Akacheka tu. Nikamtania, huko ng'ambo nani atajua habari za Ikonge? "Mimi nitajua, mzee," akanijibu. "Nimeahidi." Nami nikamsifu humu humu safuni, nikawaambia muwe kama yeye. Nayaandika haya nikiona aibu.

Siku ya nne baada ya mazishi, kadi ya kumbukumbu ya mashine ile ikafa. Fundi mwingine kutoka Kisii mjini alileta kadi mpya, akafuata maagizo ya marehemu neno kwa neno, na kila kitu kikaenda sawa hadi kwenye lile pengo. Ukurasa wa kampuni umeondolewa. Chipu imezeeka, hawaishughulikii tena. Kuna watu wanaojitolea kuandika draiva huria, ila ya chipu hii haijakamilika. Kompyuta ya marehemu inadai neno la siri ambalo mjane halijui. Fundi akaiwasha mashine hivyo hivyo. Ilipima, na mtoto mmoja alipopungukiwa pumzi ililia kama inavyotakiwa. Lakini skrini ilikuwa nyeusi, haikusema ni kitanda kipi. Muuguzi alifunua mablanketi mawili kabla ya kumpata, akamsugua mgongo mpaka akarudisha pumzi.

Siwezi kumlaumu marehemu, wala siwezi tena kumsifu vile nilivyomsifu. Wahenga walisema ahadi ni deni, na hawakukosea. Ila hawakutuambia ni nani atakayelilipa mwenye ahadi akishalala kaburini, na kampuni iliyoahidiwa haijui hata kama aliwahi kuishi.

Jana nilimpigia muuguzi. "Nimeketi katikati yao," aliniambia. "Mkono mmoja uko kifuani pa huyu, mwingine kwa yule."

"Na wa tatu, mama?"

"Huyo namsikiliza tu."

Msomaji wangu, kabla hujasema "nakubali", uliza ni nani mwingine unayemfunga.