Meno ya Mume Wangu Yalipolegea, Nilimfukuza Mke Mwenzangu

Jamani, mimi ndiye mwenye makosa. Wacha niyatoe, maana yule niliyemkosea zaidi hayuko tena wa kuniambia basi, yameisha.

Miaka ya themanini ikielekea kuisha, tuliishi Muhoroni. Bwanangu aliendesha trekta ya miwa. Mwanamume wa nguvu! Muwa aliumenya kwa meno, akatema makapi huku anacheka.

Halafu meno yakaanza kulegea. Si kuuma, kulegea tu. Fizi zikavimba, zikatoa usaha, akawa anang'oa jino kwa vidole kama mtoto. Akakonda. Anakunywa maji mpaka mtungi unakauka, na kiu bado iko.

Nikampeleka kwa daktari wa meno Kisumu. Akamwangalia mdomo, akaniita kando.

"Mama, meno ni dalili tu. Mpeleke leo akapimwe sukari. Huo ugonjwa unakula fizi, na fizi zikioza nazo zinaupandisha."

Nikaona anatuchezea. Sukari na meno ya mtu mzima? Nikamwambia bwanangu, "Daktari amesema ni fizi tu, twende nyumbani." Moyoni nilikuwa na jibu langu tayari: mke mwenzangu, Mama Atieno, anamroga.

Asubuhi moja nikamkuta amechutama nyuma ya nyumba, anaangalia chini.

"Unazika nini hapo?"

"Dada, njoo uone. Sisimizi wamejaa pale Baba anapokojoa. Hii si kawaida."

Wuololo! Nikapiga kelele mpaka majirani wakajaa. Nikasema nimemshika akiloga mkojo wa bwana. Akafukuzwa siku hiyo hiyo na nguo alizovaa, akarudi kwao Port Victoria. Bwanangu hakumtetea. Nilikuwa nimeshamjaza maneno.

Nikabaki naye peke yangu. Kwa vile hakuweza kutafuna, nikawa nampikia uji, naujaza sukari. Jioni namnunulia soda. Yawa, nilidhani huko ndiko kumpenda!

Kidonda kikatoka mguuni, kikakataa kupona. Macho yakafifia. Tulipofika hospitali alikuwa amebebwa, mdomoni hana hata jino. Wakampima, ikawa sukari. Daktari akaniuliza kwa nini nilichelewa. Nikawakumbuka wale sisimizi: walikuwa wanafuata sukari kwenye mkojo wake.

Alikufa akiuliza, "Mama Atieno yuko wapi?"

Baada ya mazishi nikaenda Port Victoria. Nilimkuta anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Nikapiga magoti.

"Dada, simama," akasema. "Nimekusamehe. Lakini usirudi hapa tena." Akanigeuzia mgongo, akaendelea kutandaza omena wake.

Nyinyi mnaosoma, mtu mzima akianza kupoteza meno hivi hivi, na kiu haimwishi, msitafute mchawi! Mpelekeni akapimwe sukari. Sisemi atapona, mimi si daktari. Lakini mtakuwa mmempeleka.

Mimi niliambiwa nimpeleke, nikamficha neno la daktari.