Pikipiki Iliyodhaniwa Mashine ya Kusaga

Miaka ile ya wakimbizi, wafadhili waliipa idara yetu ya chanjo pikipiki mbili za porini, na kwa pikipiki hizo wakatugombanisha mimi na mwenzangu. Yeye alikuwa Muha wa Ujiji, kanizidi umri, na alishika ile kuukuu ya tustroki, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Mimi, mtu wa Tanga niliyehamishiwa Kigoma bila kuulizwa, nilipewa fostroki ndogo mpya, ambayo oili yake ilikaa mahali pake na petroli mahali pake, kama inavyopasa.

Kila asubuhi tulibishana huku tukifunga maboksi ya barafu. Haki isemwe: tustroki ilikuwa nyepesi, na kwenye mlima wa matope ilipanda kama mbuzi. Lakini ilifakamia mafuta bila haya, plagi yake iliziba kila mara, na kwenye mteremko injini haikukushika hata kidogo. Ulibaki na breki na dua. Fostroki ilipanda ikinung'unika, ila ilishuka kwa adabu, na mafuta yake yalidumu. Isitoshe, ilikuwa na sauti ya chini. Ile ya mwenzangu ikiwashwa mtaa wa Mwanga, pale mjini, sokoni watu waliacha kupatana bei.

"Debe tupu haliachi kuvuma, kaka," nilimwambia.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, mdogo wangu," alinijibu, akapiga kiki na kunijaza moshi usoni.

Surua ilipoonekana kwenye kambi ya wakimbizi, tuliagizwa tuwahi kuchanja watoto wa vijiji vya jirani. Wiki hiyohiyo mwenzangu akaangushwa na malaria, nami nikachukua njia yake, hadi kijiji kimoja mbele ya Kidahwe, ndani kidogo ya barabara ya Kasulu. Nilimwonea huruma, lakini nilifurahi pia. Nilitaka nikirudi nimsimulie kitandani jinsi kazi inavyofanywa na pikipiki ya kistaarabu.

Nilifika kanisani, mahali pa kuchanjia, sikukuta mtu. Alikuwapo katekista peke yake, anatia jembe mpini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefikaje wewe? Hatukusikia kitu."

Akanieleza kwamba wanawake walikuwa ng'ambo ya bonde, kwenye mihogo, wakilima na kuanika makopa ya muhogo. Desturi yao ilikuwa kungoja ule mlio wa tustroki ikianza kupanda mlima. Hapo huacha majembe, na mwenzangu akifika kanisani anakuta foleni imeshapangwa. Nikaitazama rimu ya lori iliyoning'inizwa mlangoni, wanayoigonga kama kengele.

"Usijaribu," akasema. "Siku hizi ikigongwa saa kama hii ni wavamizi. Wanaume watakujia na mapanga."

Jua lilikuwa kali na barafu imeanza kuyeyuka. Chanjo ya surua ikipata joto haina faida tena, na kambi yenye wagonjwa ilikuwa jirani. Niliogopa kwelikweli. Nikaisimamisha pikipiki ukingoni mwa bonde, nikavuta mafuta hadi mwisho ili ipige kelele. Haikujua kupiga kelele. Ilitoa tu-tu-tu-tu yake nzito, kama mzee anayekohoa mbele ya wakwe, nami nikaitukana kwa Kiswahili chote cha Tanga.

Mara wanawake wakatokea. Wanapanda bonde mbiombio, watoto migongoni. Nilitaka kulia kwa furaha, mpaka nilipoona mabeseni ya makopa vichwani mwao. Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imekufa zamani. Walidhani imepona.

"Mashine iko wapi?" akauliza aliyetangulia, akihema.

Nikaonyesha pikipiki. "Ni hii, mama. Inasaga surua."

Hakucheka mtu. Lakini mlima walikuwa wameshaupanda, na watoto walikuwa mgongoni tayari. Nilichanja huku nikisutwa kwa Kiha, na bahati yangu nilielewa nusu tu.

Mwishoni, chanjo ya mtoto mmoja ilibaki kwenye kichupa. Nikauliza nani hajaja. Wakaelekeza nyumba iliyo nyuma ya kanisa, karibu kiasi kwamba hata rimu ile isingehitajika. Nilimkuta mama amekaa mlangoni, amempakata mtoto mwembamba.

"Mama, hukutusikia?"

"Nilisikia mashine imepona," akasema. "Nikajiuliza, mimi nina nini cha kusaga?"

Nikafunua boksi. Maji ya boksini yalikuwa bado baridi, vipande vya barafu vinaelea, nikamchanja mtoto. Mama akanishukuru, na shukrani ile iliniuma kuliko masuto yote ya kanisani.

Mwezi uliofuata, siku ya kupima uzito wa watoto, niliomba nipewe tustroki. Mwenzangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nikachanganya oili mwenyewe, nikajimwagia suruali, nikaupanda mlima ule kwa makelele na moshi wa kuaibisha. Nilipofika kanisani, yule mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mtoto mgongoni na mikono mitupu, kama wenzake wote.