Punje ya Luka

Siku yangu ya kwanza kazini, pale bomani Njombe, Karani Mkuu alinikabidhi daftari, kalamu ya risasi na bakuli la mti. "Bakuli la nini, mzee?" nikauliza. Akanitazama kama mtu aliyeletewa gunia bovu. "Huku ukimnyooshea mtu kidole, moja, mbili, tatu, unakiita kifo kije kuchagua. Mama mwenye nyumba atadondosha punje ya mahindi kwa kila aliye hai. Wewe hesabu punje."

Nilicheka. Ujana huo!

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu, kila mwaka baada ya mavuno, kitongoji kimoja pembezoni mwa Makambako. Daftari lilikuwa na safu nne: jina, umri, kazi na pato, yaani chochote kinachoingia nyumbani, hata debe la viazi. Nilikuta vibanda vichache vya vibarua wa magome ya miti ya miwati, yanayotumika kusindika ngozi. Malori yalipoongezeka wakaja mafundi cherehani, na akina mama wakauza ugali na maharage kando ya barabara. Watu waliongezeka, mapato yakapanda, ila wanaume walipungua. Wengi walikwenda kuwa manamba, vibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, na si wote waliorudi.

Sasa sikilizeni. Kiwanja kiliandikwa kwa jina la mwanamume mlipa kodi. Akikosekana, boma lilikichukua, na mama na wanawe wakatafute pa kwenda.

Mama Eliza alidondosha punje tano: yake, ya Eliza, ya Petro, ya kitindamimba, na ya mumewe, Luka, fundi seremala.

"Kamwene, mama. Luka yuko wapi?"

"Kamwene, karani. Yumo ndani, kifua kinamsumbua."

Nyuma ya ukuta mtu akakohoa, nikaandika yupo. Mwaka uliofuata ikawa vilevile.

Mwaka wa tatu akaja Bwana Disii mpya, mkuu wa wilaya, mtu wa kufoka. "Nataka watu, sitaki majina! Ingia kila chumba!" Basi nikamwambia Mama Eliza nataka kumwona mumewe. Kikohozi kikasikika. Nikasukuma mlango.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Koti lilining'inia kwenye msumari. Chumba hakikuwa na dirisha wala mtu.

Mama Eliza akaketi chini palepale mlangoni, akalia. "Nisamehe, baba. Luka alikufa mkongeni kabla hujaja mara ya kwanza. Aliyekuwa anakohoa ni Eliza, nilimfundisha mimi."

"Mwambie Eliza atoke, basi."

"Eliza ameolewa Lupembe tangu mwezi uliopita." Akautazama ukuta. "Petro na mdogo wake wako shambani. Karani, leo sijamweka mtu."

Wallahi nywele zilinisimama. Niliogopa nyumba ile, niliogopa na kufukuzwa kazi. Lakini nilimwogopea zaidi yule mama. Nikaandika: Luka, seremala, yupo.

Niliandika hivyo miaka miwili zaidi, na kila mara nilikisikia kikohozi nikiwa namtazama mama mdomoni. Wakati huo Petro alifikia umri wa kulipa kodi, kiwanja kikahamia kwenye jina lake. Kwenye hesabu iliyofuata Mama Eliza aliishika punje moja mkononi, hakuidondosha. "Huyu sasa mwache apumzike," akasema. Nikachora mstari juu ya jina la Luka. Nyuma ya ukuta mtu akashusha pumzi, ndefu, kama aliyetua mzigo wa kuni. Sikumsikia tena.

Nimestaafu siku nyingi. Vijana wa ofisini huja kuniuliza kama zile hesabu za zamani ni za kuaminika. Nawaambia ndiyo, ila kitongoji kile kilizidi mtu mmoja kwa miaka mitano. Wanauliza kwa nini sikusahihisha. Nawajibu kwamba katika wanaume wote niliowaandika pale, sikupata mwingine aliyeitunza nyumba yake hivyo.